Kuonekana na Kujulikana

Mtu aweza kutazamwa na maelfu, asijulikane na hata mmoja. Neno hili lafanana na fumbo, lakini mkazi wa Bangwe hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wake. Ujiji, ambako si mbali naye, pana mnara wa ukumbusho wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley, Novemba 1871. Majina ya wawili hao yamejaa vitabuni. Lakini katika msafara wa Stanley alikuwamo mtoto mmoja mtumwa, aliyetolewa zawadi na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe. Aliitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakupendezwa na jina hilo, akamwita Kalulu.

Mwaka 1872 mtoto huyo alichukuliwa Uingereza. Alipigwa picha pamoja na bwana wake, na sanamu yake ya nta ikawekwa katika nyumba ya Madame Tussauds, London. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu. Hata mauti hayakumrudishia jina lake. Jina la kupachikwa likapachikwa tena juu ya maji yaliyomuua.

Basi, huyu hakufichwa. Alitazamwa kuliko watoto wengi wa zamani zake. Alikosa nini? Alikosa kuulizwa yeye ni nani.

Swali hilo limefanyiwa kazi na mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, na ambaye mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner. Mwaka 2004 alionyesha kazi aitwayo Naming the Money, yaani kuitaja fedha kwa jina. Ni sanamu 100 za mbao zilizopakwa rangi, kila moja na kimo cha mtu: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, na wengineo. Ni mfano wa Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakuu wa Ulaya, ambao katika picha za kale walichorwa pembeni ili utajiri wa bwana upate kuonekana. Himid amempa kila mmoja maneno yake mwenyewe: jina lake la asili, jina aliloitwa na mabwana, kazi aliyoifanya kwao na kazi anayotumikishwa sasa.

Mpinzani atasema kwamba majina hayo yametungwa na msanii. Je, kumbuni marehemu jina si kumpachika jina mara ya pili? Hoja hii ina uzito. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Lakini mdai aliyekwisha kufa, asiyeacha hata jina, atalipwaje? Kwa maoni yangu jina la kubuni halilipi deni, ila hulikiri. Na tofauti ya Stanley na Himid ni hii: yule alitoa jina ili la kwanza lisahauliwe, huyu atoa jina ili tukumbuke kwamba la kwanza lilikuwapo.

Hata hivyo tusijipumbaze. Stanley alilifasiri jina la Ndugu M'Hali kuwa mali ya ndugu. Ikiwa alisema kweli, basi hata jina la kwanza la mtoto yule huenda lilinukia milki na bei. Kwa hiyo haitoshi kurudisha jina. Yapasa kuuliza pia nani alilitoa, na kwa faida ya nani.

Wapagazi waliofika pwani ya Tanganyika na mizigo vichwani hawakosi katika michoro ya wasafiri. Majina yao ndiyo machache. Hatuwezi kuwauliza tena. Lakini wazee wa Bangwe na Ujiji walio hai twaweza kuwauliza, na kuandika jina la kila mmoja kama yeye mwenyewe alitamkavyo. Macho humwona mtu bila kumwomba ruhusa. Kumjua hakupatikani mpaka asikilizwe.