Kiazi kina macho, darasa lina kimya

Kila Januari, hapa Sanya Juu wilayani Siha kama kwingineko nchini, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wanavaa sare mpya, wanaingia kidato cha kwanza na kupitishwa kwenye kozi ya Kiingereza ya wiki chache. Kozi ikiisha, Biolojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza, Hisabati ni Kiingereza. Na mtoto wa Siha mara nyingi alishavuka mto mmoja kabla ya huo: nyumbani anaongea Kichaga cha huku au Kimaasai, na Kiswahili kimemkomaa shuleni. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu sina ugomvi na Kiingereza. Nataka mtoto huyu akijue, akisome, akiongee bila hofu. Ninachokataa ni kukifanya mlango wa kila somo, halafu tukashangaa kwamba hakipati Kiingereza wala hilo somo.

Chukua kiazi mviringo, zao linalojulikana kila nyumba huku kwetu. Mtoto wa mkulima ameshika mbegu kwa mkono wake, ameona macho ya kiazi yakichipua kwenye gunia lililokaa stoo, na anajua kuwa kiazi kilichopigwa jua hugeuka kijani na kuwa kichungu. Liulize darasa kwa Kiswahili: kiazi hiki ni mzizi au ni shina? Mmoja atasema mzizi, maana kinachimbwa. Mwingine atabisha: mbona macho yake yamejipanga kama vichipukizi kwenye tawi? Wa tatu ataleta kiazi kitamu, kwamba chenyewe hakina macho ya namna ile. Hapo Biolojia imeshaanza, na mwalimu kazi yake ni kuichochea tu. Liulize darasa hilohilo kwa Kiingereza, utapata kimya. Mwalimu anaandika jibu ubaoni, wanafunzi wananakili, wanaitikia kwa pamoja. Swali la mtihani likigeuzwa maneno mawili, sentensi ile iliyokaririwa haiokoi mtu. Mtoto anaandikiwa kwamba hajui kiazi, yeye aliyekula na kupanda kiazi tangu azaliwe.

Haya si mageni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari Januari 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kimeshuka kiasi kwamba wengi hawawezi kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Hata hivyo walishauri kiendelee kufundishia, kiimarishwe tu. Tangu hapo tumekuwa tukiimarisha. Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway na Afrika Kusini walijaribu kufundisha Biolojia na Jiografia kwa Kiswahili katika madarasa ya sekondari, na wanafunzi wakafungua midomo, wakauliza, wakaelewa zaidi. Martha Qorro, ambaye kufundisha Kiingereza ndiyo taaluma yake, amelisema kwa miaka mingi: kufundisha lugha ni kazi moja, kufundishia kwa lugha ni nyingine, na kuzichanganya kunaziua zote mbili.

Utaniambia Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na neno huzoeleka kwa kutumiwa. Lingetumika darasani kila siku, leo usanisinuru lisingemshtua mtu. Utaniambia basi dunia itatuacha. Mfini na Mholanzi husoma sayansi yao ya sekondari kwa lugha zao, na bado wanaongea Kiingereza kutupita. Tazama pia jirani zetu wanaopandisha wageni Kilimanjaro kupitia lango la Londorossi. Wako walioanza wakiwa wapagazi, na Kiingereza wakakiokota njiani kwa kusikiliza, kukosea na kuulizwa tena. Lakini mlima walikuwa wanaujua tayari: dalili za ugonjwa wa kimo, mahali pa kupumzika, wingu la kuogopa. Lugha ilikuta maarifa yapo, ikayabeba. Shuleni tunailazimisha lugha ibebe mzigo ambao haujafungwa.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mzazi. Anasema mtoto wa tajiri yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, na mimi nataka kumnyima wake hata hicho kidogo. Mzazi huyu ana haki, na hofu yake ni ya kweli. Lakini mtoto wa tajiri ana vitabu, darasa dogo, na watu nyumbani wa kuongea naye lugha hiyo. Wa kwetu tunampa ubao na kibao kinachomkataza Kiswahili. Kama ni usawa, uwe wa kweli: walimu wa Kiingereza waliofundwa kweli, vitabu vya hadithi vya kuazima hadi nyumbani, vipindi vya kuongea badala ya kunakili sarufi, tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne. Mwalimu wa Biolojia aachiwe Biolojia yake, na mtihani wa Baraza la Mitihani uandikwe kwa Kiswahili. Wanafunzi ambao wangekuwa wa kwanza kufaidi, wale wa Januari 1985, sasa wanakaribia kustaafu, na watoto wao nao wamepita kwenye darasa lilelile la kunakili.