Kimya cha Mnunuzi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Lakini wako watu ambao roho zao zimeikataa methali hii. Hao husafiri masafa marefu na kutoa fedha nyingi kwa ajili ya kipande cha chuma kilichochakaa, ambacho mtu mwingine angalikitupa jaani bila majuto. Ni wenye magari ya zamani, yale ambayo waundaji wake walikwisha kufunga viwanda au waliacha siku nyingi kuyatengenezea vipuri. Gari la namna hiyo likipungukiwa na kabureta, magneto, taa ya shaba au kifuniko cha gurudumu, mara nyingi hapana duka ambalo mwenyewe anaweza kuliendea na kuagiza. Hana budi kuwinda, na mbuga ya mawindo hayo ni gulio.

Si kila kipuri cha kale ni adimu. Kampuni ya Ford iliunda magari ya Model T yapatayo milioni 15 kati ya mwaka 1908 na 1927, na kwa sababu ya wingi huo vipuri vyake vingi vingali vikipatikana, na vingine huundwa upya hata leo. Taabu ni ya yule mwenye gari la kampuni iliyokufa. Marmon iliacha kuunda magari mwaka 1933, Duesenberg mwaka 1937, na Pierce-Arrow mwaka 1938. Dhiki ya uchumi ya miaka ile iliyafagia majina hayo na mengine mengi. Kisha vikaja vita, na mwaka 1942 Wamarekani wakahimizwa kutoa vyuma chakavu kwa ajili ya silaha, hata magari mengi ya zamani yakaingia katika tanuri. Kilichobaki kilibaki kwa bahati: katika ghala la mkulima, chini ya meza ya fundi, au juu ya rafu ya duka ambalo mwenyewe alisahau kuuza.

Masalio hayo hukusanyika Hershey, katika jimbo la Pennsylvania, ambako mwaka 1955 yalianza makutano ya vuli ya chama kiitwacho Antique Automobile Club of America. Kwa kawaida makutano hayo hufanywa mwezi wa Oktoba, na gulio lake limekua hata likawa la maelfu ya viwanja vya wauzaji. Kwa miaka mingi mahali pake palikuwa majani matupu, na mvua iliponyesha palikuwa matope matupu. Lakini hapana mwindaji aliyerudi nyumbani kwa sababu ya matope. Uingereza nayo ina gulio lake huko Beaulieu, lililoanza mwaka 1967 penye makumbusho ya magari aliyoyaanzisha Lord Montagu. Huko na huko desturi hufanana. Wanunuzi hodari hufika kabla ya jua, tochi mkononi na kigari cha kukokota nyuma. Wengine huvaa mgongoni kibao kilichoandikwa kile wanachokitafuta. Hupita kati ya meza na mikeka, hugeuza masanduku ya vyuma vyenye kutu, husugua kwa kidole gumba mpaka namba ya kiwanda ionekane.

Katika kusugua huko ndimo lilimo swali la insha hii. Na ichukuliwe kuwa mjane mmoja ameleta gulioni masanduku ya marehemu mumewe. Yeye hajui gari wala kipuri. Ajualo ni kwamba ghala limejaa na nyumba itauzwa. Mwindaji mmoja anainama, anasugua, anaona namba. Ni magneto ambayo ameitafuta kwa miaka kumi na miwili, nayo yaweza kuuzwa kwa mamia ya dola. Anauliza bei kwa sauti ya mtu asiyejali. Mjane anajibu, “Dola tano.” Mwindaji anatoa dola tano, anatia kitu mfukoni, anakwenda zake. Hakusema uongo hata neno moja. Je, ametenda haki?

Wako watakaosema kuwa ametenda haki, na hoja zao si dhaifu. Kwanza, bei ilitajwa na mwenye mali kwa hiari yake, nayo ikalipwa kamili. Pili, elimu ya mwindaji haikuokotwa njiani. Ameinunua kwa miaka ya kusoma vitabu vya kiwandani, kwa safari za bure, kwa makosa yaliyomgharimu fedha. Kumtaka aigawe bure kila ainamapo ni kumnyima mkulima mavuno ya shamba alilolipalilia. Tatu, bila ya jicho lake kitu hicho hakina thamani yoyote. Kesho mjane angalikiuza kwa uzito, pamoja na misumari na minyororo, na tanuri lingalikamilisha kazi ya mwaka 1942. Basi mwindaji hakumpunguzia mjane kitu; ameiokoa mali ya ulimwengu na kumwachia dola tano zaidi.

Hoja hizi ni kongwe kuliko gari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika juu ya mfanya biashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, hali akijua kuwa merikebu nyingine zenye nafaka zilikuwa njiani nyuma yake. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Cicero aliwaweka wanafalsafa wawili kuamua. Diogenes wa Babeli alishikilia kuwa kunyamaza si sawa na kuficha, na muuzaji hadaiwi kusema kila alijualo. Antipater, mwanafunzi wake, alipinga kwa kusema kuwa wanadamu wamefungwa pamoja na udugu wa asili, na faida ya mmoja isiyoweza kupatikana ila kwa giza la mwenziwe ni kinyume cha udugu huo. Cicero mwenyewe aliegemea kwa Antipater.

Huko Rhodes aliyejua alikuwa muuzaji. Kwa mjane ajuaye ni mnunuzi. Juu ya hali hii ya pili pia wazee walikwisha kusema. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu akiuza dhahabu kwa kudhani kuwa ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma na anapaswa kurudisha kilichozidi. Na katika sheria ya Kiislamu, inayojulikana sana katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, imepokewa kuwa Mtume Muhammad alikataza watu kuulaki msafara nje ya mji na kununua bidhaa zake kabla haujafika sokoni. Hekima ya katazo hilo ni wazi: msafiri hajajua bei ya mji, na anayemlaki njiani ananunua mali pamoja na ujinga wake. Mjane wa Hershey, ijapokuwa amekaa katikati ya gulio, yu nje ya mji bado. Mwili wake umefika. Habari ya bei haijamfikia.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuwatia wauzaji wote katika chungu kimoja. Katika gulio hilo hilo, meza ya tatu kutoka kwa mjane, ameketi mchuuzi ambaye kazi yake ni vipuri. Yeye hununua kwa bei ndogo na kuuza kwa kubwa, na mwaka huu amepata mwaka jana alikosa. Yeye na mwindaji wamekubaliana, bila ya kutamka, kuwa kila mmoja ataleta ujuzi wake. Mchuuzi akikosea leo na kuuza rahisi, amelipa ada ya kazi yake. Kesho atasoma zaidi. Kimya kati ya watu wawili wa namna hii ni kama kimya cha wacheza bao: hapana anayepaswa kumwonyesha mwenziwe shimo la kuchezea. Lakini mjane hakukaa kucheza bao. Alikuja kuondoa mzigo, na kwa kukosa ujuzi ameweka imani yake kwa wapitao. Kimya kile kile ambacho kwa mchuuzi ni sehemu ya mchezo, kwa mjane ni mkono uliotiwa mfukoni mwake.

Tena kimya kina daraja. Kiko kimya cha asiyeulizwa, na kiko kimya cha aliyeulizwa. Mjane akisema, “Bwana, wewe waonekana unajua, kitu hiki ni nini?” na mwindaji akajibu, “Ni chuma tu,” hapo amekwisha kuvuka kutoka kimya hadi uongo, na hata Diogenes hatamtetea. Ile sauti ya mtu asiyejali nayo yataka kuchunguzwa. Mdomo haukudanganya, lakini uso ulitumwa kufanya kazi ya mdomo. Mtu aliyelazimika kuuficha moyo unaodunda ili anunue, amekwisha kujihukumu: alijua kwamba furaha yake ikionekana, bei itabadilika, na kwamba bei iliyobadilika ndiyo iliyo karibu zaidi na haki.

Je, basi alipe thamani yote? Hapa hoja ya jasho la elimu yapaswa kupewa fungu lake. Thamani ya magneto ile haikukaa katika chuma peke yake. Imetokana na mambo matatu yaliyokutana: kitu kilichohifadhiwa, gari linalokihitaji, na mtu aliyejua kuwa hiki ni cha lile. Mjane na mumewe walileta la kwanza tu. Kumtaka mwindaji alipe kana kwamba mambo yote matatu ni ya muuzaji ni kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Lakini kulipa dola tano ni kudai kuwa la kwanza si kitu, hali bila ya hilo miaka kumi na miwili ya kutafuta ingalibaki kutafuta. Haki iko katikati, na njia ya kuifikia ni fupi: mwindaji aseme, “Mama, kitu hiki ni adimu, wengine wangaliuza ghali. Mimi naweza kutoa kiasi hiki.” Baada ya maneno hayo hata bei iliyo chini ya bei ya soko huwa bei ya watu wawili wanaoona. Mjane akiridhika, ameridhika kwa jambo analolijua.

Kanuni hii hukata pande zote mbili kama upanga. Wako wauzaji ambao hununua kipuri kilichoundwa jana, hukiunguza kwa tindikali na kukizika mpaka kishike kutu, kisha hukiuza kuwa ni cha kiwanda cha kale. Wako wanaogonga namba mpya katika injini ili ionekane kuwa ilizaliwa pamoja na gari lake. Mnunuzi anayelia kwa kudanganywa na hao, na jana yake alimnyamazia mjane, ana machozi lakini hana hoja. Amewalaumu kwa kulitumia giza lake kama yeye alivyolitumia la mwingine. Tofauti yake nao ni ya kadiri, kwa maana wao walilitengeneza giza na yeye alilikuta.

Wala jambo hili si la Pennsylvania peke yake. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu imepata kung’olewa na kuuzwa kwa watu waliojua kuisoma na wenyewe waliodhani kuwa ni mbao kuukuu. Palipo na vitu vya zamani, ajuaye na asiyejua hukutana juu ya meza moja. Chema chajiuza, husema Waswahili. Lakini chema kisichojulikana hakijiuzi, bali huuzwa na ujinga wa mwenyewe.

Yasemwa kuwa gari la zamani hutengenezwa ili lipewe tena uhai wake wa kwanza, kila kitu mahali pake, kila kitu cha kweli. Mwenye gari hukataa taa ya bandia hata kama inawaka vizuri zaidi, kwa sababu yeye apenda uhalisi. Huo ni upendo wa heshima, nao una madai yake. Siku magneto itakapofungwa na injini ikaguruma, watazamaji watamwuliza aliipata wapi. Aliyesema kweli na mjane atasimulia habari yote kwa furaha, toka sanduku mpaka bei. Aliyenyamaza atasimulia nusu, au atacheka na kubadili maneno. Na katika gari lile lote, ambalo amelisafisha hata parafujo ya mwisho, kitabaki kitu kimoja ambacho si halisi.