Mashini Ijuayo Hesabu na Heshima ya Fundi

Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja wa Katuba, fundi wa kukereza vyuma, alinijia na swali. Alikuwa ameona karakana yenye mashini inayoongozwa na kompyuta. Kijana huchora kipande kwenye kioo, mchoro hugeuka hesabu, na hesabu huongoza kisu cha mashini. Kipande kilichomchukua mzee siku nzima hutoka upesi, na cha pili hufanana kabisa na cha kwanza.

«Mwalimu,» akasema, «je, mikono yangu ilifanya kazi bure?»

Ndugu wasomaji, mashini hiyo ni msaada. Kipuri cha pampu kikingojewa kutoka ng'ambo, kazi ya mgodi husimama. Kikitengenezwa hapa, fedha hubaki hapa na vijana hupata ufundi. (Umeme ukikatika, nao twajua jinsi unavyokatika, akili yote hiyo hulala kama jiwe.)

Lakini mzee hakuuliza habari za chuma. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe mjini petu mwaka 1911, tumezoea kumpima mtu kwa tani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines. Si kompyuta iliyowatoa, ni kuanguka kwa kampuni; hata hivyo, mtu wa hapa akiogopa kuachwa, tusimcheke.

Baba Mtakatifu Leo XIV alieleza mwaka 2025 kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891, wakati wa mashini za moshi. Na Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981 kwamba kazi yapata heshima yake kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu.

«Hapana, baba,» nikamjibu. «Mashini yashika kipimo ilichopewa, haijui kama kipimo kimekosewa. Kijana akiandika hesabu mbaya, itakata vibaya mara mia. Wewe ungesikia kosa katika sauti ya chuma.»

Kwa hiyo mwenye karakana anunuaye mashini na kumfukuza fundi pasipo kumfundisha, nasema amevunja haki, hata kama sheria haimkamati. Naye fundi asione haya kuketi karibu na kijana na kujifunza kusoma kile kioo. Hilo la pili lilimchoma mzee kuliko la kwanza.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza karakana ile hufunguliwa saa ngapi.