Nakala ya hati si nakala ya ridhaa ya mzee

MIONGONI mwa mambo yanayowashughulisha Waislamu wengi wa mijini wenye wazazi vijijini ni suala la hati ya uwakilishi. Mtoto yuko Dar es Salaam, Arusha au Tanga, mzazi yuko Chome, Vudee au Gonja. Mzee hawezi tena kushuka mlimani kila mara hadi Same mjini kufuatilia pensheni, benki au shauri la shamba. Kwa hiyo anampa mmoja wa watoto wake mamlaka ya kisheria kwa maandishi. Mzee anasaini au anaweka dole gumba mbele ya wakili, kisha zinatolewa nakala. Benki inataka yake, ofisi ya ardhi yake, mfuko wa pensheni yake. Anayethibitisha analinganisha kila nakala na hati halisi, anagonga muhuri kuwa ni nakala sahihi.

Hapana ubaya katika hilo. Wakala ni jambo lenye asili katika dini yetu. Vijana wa pangoni, kama tunavyosoma katika Surat al-Kahf aya ya 19, walimtuma mwenzao mmoja mjini na fedha yao akawatafutie chakula. Na katika Sahih Bukhari imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari pia. Mtume akamuombea baraka. Ndugu msomaji, zingatia jambo moja hapo. Urwa alitumia akili yake kuliko alivyoagizwa, lakini faida yote aliirudisha kwa mwenye mali. Huo ndio uwakilishi.

Swali ninalotaka tujiulize ni hili: muhuri wa ile nakala unathibitisha nini hasa? Unathibitisha kuwa karatasi hii inafanana na karatasi ile. Basi. Hauthibitishi kuwa mzee alisomewa akaelewa. Hauthibitishi kuwa leo, miaka mitano baada ya kusaini, bado anataka alichokitaka siku ile. Wala hauthibitishi kuwa bado ana akili ya kutaka jambo lolote.

Hapa ndipo penye mtihani. Wanazuoni wa fiqhi wanaeleza kuwa wakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopotewa na akili. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, nayo inasema hivyo hivyo. Maana yake ni kuwa mzee akifikia hali ya kutowatambua hata wanawe, hati aliyoitoa inakufa, ingawa karatasi ipo, muhuri upo na karani dirishani hana habari. Hati inakoma wakati ule ule ambao familia inaihitaji zaidi.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na katika jamii zetu mwalimu huitwa kushuhudia mengi. Niliwahi kuombwa niwe shahidi wa dole gumba la mzee mmoja wa ukoo wetu. Hati halisi ilikuwa imepotea, imebaki nakala, na ofisi husika ikataka hati mpya. Mzee yule alikuwa akimwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani. Nilikataa. Ndugu wakaniambia: "Mwalimu, mzee alishamwamini huyu tangu akiwa mzima. Tunachofanya ni kurudia tu alichokisema mwenyewe."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani watu wale hawakuwa wezi. Lakini kuamini ni kitendo cha mtu aliye hai na akili yake. Anayeamini ana haki ya kubadili mawazo kesho. Asiyeweza tena kubadili mawazo hatuwezi kusema anaendelea kukubali. Tukikishika kidole chake tukakibandika kwenye wino, aliyesaini ni sisi. Na mimi ningeshuhudia kuwa nimeona ridhaa, hali nilichokiona ni kidole tu.

Wapare wanalijua suala hili tangu zamani. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru, na moja ya malalamiko yao ni kuwa mali zao zilikadiriwa na wakubwa bila haki. Na katika ndiva zetu, maji hukusanywa usiku, mchana yakafunguliwa kwa zamu. Anayefungua ndiva hasemi maji ni yake. Kila mwenye zamu anaweza kumuuliza yamekwenda wapi.

Atauliza mtu: je, mzee akose dawa kwa kuwa hati imekufa na fedha yake iko benki? La hasha. Kumtunza mzazi asiyejiweza ni wajibu wa watoto wenye uwezo, kwa mali zao wenyewe. Wachange. Wakati huo huo waende mahakamani waombe msimamizi halali wa mali yake. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara inapozungumzia mtu dhaifu asiyeweza kuandikisha mwenyewe, inampa kazi hiyo msimamizi wake, kwa sharti la uadilifu, na inataka mashahidi. Uislamu haukumwacha mzee bila mlango. Lakini njia ya mahakama ni ndefu na ina gharama, na muhuri upo karibu. Hapo ndipo tunapopimwa.

Kwa hiyo nashauri, wazee wangali na fahamu zao: hati isomwe kwa Kipare kama ndiyo lugha anayoielewa mzee, na wanawe wote wawepo. Iandikwe mipaka, kupokea pensheni ni jambo moja, kuuza shamba ni jambo jingine kabisa. Nakala zilizothibitishwa zihesabiwe na iandikwe kila moja imepelekwa wapi, kwa sababu kila nakala ni ufunguo wa nyumba ya mzee. Mwenye hati atoe hesabu kwa ndugu zake kila mwaka bila kusubiri kuulizwa. Na siku akili ya mzee itakapoondoka, mwenye hati awe wa kwanza kusema: mamlaka yangu yameisha.

Atakayesema hivyo huenda asisikike na karani yeyote. Lakini amana, kama Surat an-Nisaa aya ya 58 inavyotuamrisha, hurudishwa kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe hakumbuki tena kuwa aliiweka.

Wallahu a'lam.