Ile "Na" ya Haba na Haba

Kibaba ni kipimo kidogo. Vibaba viwili hufanya kisaga, vinne hufanya pishi, na katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, kibaba kimoja cha nafaka, kiasi cha robo tatu ya kilo, ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku. Chakula cha mtu mmoja, cha siku moja. Naanza na hili kwa sababu "Haba na haba hujaza kibaba" tumeiachia vyama vya kuweka na kukopa, ikageuka methali ya akiba: shilingi juu ya shilingi hadi mtu atajirike. Lakini waliotuachia methali hawakutaja gunia wala ghala. Walitaja kibaba. Walikuwa wakizungumzia riziki ya leo, inayotafutwa leo na kuliwa leo, na kesho asubuhi kibaba ki kitupu, kinangoja tena.

Nimekua na methali hii mdomoni, na sikuielewa mpaka nilipokuwa mbali na pwani, Yeoville, Johannesburg, nikimtazama mtoto wa jirani ambaye alikuwa hasemi.

Mama yake ni mtu wa Bukavu, Kongo, anauza sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa, sokoni. Jioni moja, mwanzoni mwa 2023, alikuja kwangu akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa. "Dada, mutoto yangu hasemi." Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili. Mahali anapomwacha mchana walimshauri aache Kiswahili nyumbani, amsemeshe Kiingereza peke yake, eti lugha mbili zinamchanganya. Mama akatii, nani asiyetaka mwanawe afaulu shuleni? Ila Kiingereza chake kilikuwa cha biashara: bei, chenji, asante, njoo kesho. Hakikuwa na maneno ya kubembeleza. Hakikuwa na "simama dede", wala utani, wala namna ya kumuuliza mtoto kinachomliza. Basi akanyamaza. Akawa anamwogesha kimya, anamlisha kimya, na sauti ya nyumba ikabaki kuwa ya televisheni, iliyowashwa tangu alfajiri.

Tukiisoma methali harakaharaka tunasikia wingi ndani yake: kidogo, tena kidogo, mwisho kinajaa. Kama ingekuwa ni wingi tu, televisheni ndiyo ingekuwa mlezi bora duniani, maana humwaga maneno kwa maelfu kila saa na haichoki. Lakini katikati ya haba mbili pamewekwa "na". Neno dogo, tunalipita bila kulitazama. Hilo ndilo linalohitaji pande mbili. Kiarabu kina neno habba, yaani punje, nami kila nikisikia "haba na haba" naona punje ikitoka mkono huu na punje ikitoka mkono ule: ya mtoto na ya mama, ya mama na ya mtoto.

Mwaka 2018 mtafiti Rachel Romeo na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo yanayoifasiri "na" hiyo vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Walirekodi mazungumzo ya nyumbani ya watoto wa miaka minne hadi sita, kisha wakatazama ubongo wa watoto hao ukifanya kazi walipokuwa wakisikiliza hadithi. Kilichoendana na uhai wa eneo la lugha katika ubongo ni mara ngapi mtoto na mtu mzima walipokezana maneno. Idadi ya maneno aliyomwagiwa haikuwa na uzito huo. Na hali ilikuwa hivyo nyumba iwe na kipato kikubwa au kidogo. Kwa mama anayeuza ndagala hizo ni habari njema kabisa. Hakuna anachopaswa kununua.

Haba ya mtoto si lazima iwe neno. Johannesburg, anayesubiri teksi barabarani, zile gari ndogo za abiria, huzungumza na dereva kwa kidole. Kidole cha shahada kikielekezwa juu, unakwenda katikati ya jiji. Kikielekezwa chini, safari yako ni ya papa hapa karibu. Asubuhi moja tulikuwa tumesimama pamoja kando ya barabara, mtoto amebebwa ubavuni. Teksi ikatokea kwa mbali. Kabla mama hajainua mkono, mtoto aliinua wake, kidole kimenyooka juu barabara, kama abiria wa miaka mingi. Mama akaushusha ule mkono taratibu na kuendelea kutazama simu. Nikamwambia, "Mama, umeona? Mwanao amesema." Akanitazama asielewe. Nikamwambia ameita teksi, amesema tunakwenda mjini, ila amesema kwa kidole.

Mtoto huanza kunyooshea vitu kidole karibu na mwaka wake wa kwanza, kabla maneno hayajatoka, na anaponyooshea hutazama uso wako kuona kama nawe umeona. Ametoa punje yake. Ukimjibu, "Ee, teksi! Teksi inakuja, tunakwenda mjini," umetia ya kwako, na "na" imetimia. Ukinyamaza, punje yake imeanguka chini. Siku moja si kitu. Siku zikiwa nyingi, mtoto hujifunza kwamba kutoa hakuna faida.

Yule mama alirudia Kiswahili. Sikumpa ratiba wala somo. Nilimwomba tu aseme anachokifanya wakati anakifanya, kisha anyamaze kidogo. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu. Sisi watu wazima tukimuuliza mtoto, tunajijibu wenyewe kabla hajavuta pumzi. "Unataka maji? Ee, anataka maji." Mtoto mdogo anahitaji muda wa kuokota neno. Ukihesabu moja hadi tano moyoni huku unamtazama machoni, utashangaa.

Wazee waliokuwa wakipima nafaka walikuwa na vibaba vya aina mbili. Kibaba cha mfuto kilipanguswa juu kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele kiliachwa na kichuguu. Naiona hekima ya malezi katika tofauti hiyo. Miezi ilipopita na yule mtoto akaanza kuunga maneno, nilimsikia jikoni kwao akisema, "Maji mwagika." Mama yake, akiwa ameinama na kitambaa mkononi, akamjibu, "Ee, maji yamemwagika. Yamemwagika chini. Tuyafute?" Mtoto alitoa cha mfuto, akarudishiwa cha tele. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi na kutoa kitabu mwaka 2005 kuhusu wanavyojifunza Kiswahili, ameonyesha kwamba watoto wadogo huviacha viambishi vya mtenda na vya wakati. Ndiyo hatua yao. Lile "yame" litakuja, mradi masikio yalipate likiwa zima, mara nyingi, ndani ya mazungumzo yenye maana. Kumkatiza mtoto kwa "Sivyo! Sema ya-me-mwa-gi-ka" ni kumpokonya punje aliyoileta kwa furaha, ukaikagua, ukamrudishia kwa ukali. Sidhani kama mimi ningeleta nyingine.

Na ule ushauri wa kuacha Kiswahili? Ulitolewa kwa nia njema, nakubali, lakini ulikuwa na makosa. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema. Msamiati wake umetawanyika tu: neno hili analijua kwa Kiswahili, lile kwa Kiingereza, na anayempima lazima ajumlishe yote. Tena Johannesburg mtoto wa Kiswahili hayuko ugenini kama tunavyodhani. Nyama kwa Kizulu ni inyama, mbuzi ni imbuzi, mvua ni imvula, nyoka ni inyoka. Mtoto aliyeshiba Kiswahili nyumbani anapotoka kucheza uani anakutana na binamu wa maneno yake. Jiji hili nalo linaijua thamani ya lugha katika kinywa cha mtoto: tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Leo nchi ina lugha rasmi 12, ya mwisho ikiwa lugha ya alama iliyoongezwa mwaka 2023. Hata hivyo, katika upimaji wa kimataifa wa PIRLS wa 2021, asilimia 81 ya watoto wa darasa la nne Afrika Kusini hawakuweza kusoma na kuelewa walichosoma, katika lugha yoyote waliyopimwa. Sababu ni nyingi, na shule zina deni lake. Lakini ni vigumu mtoto kuelewa kwenye karatasi sentensi ambayo hajawahi kukutana na mfano wake masikioni, na masikio hujazwa nyumbani, miaka mingi kabla ya darasa la nne.

Lazima niseme pia mahali methali inapoweza kutudhuru. Haba na haba ni methali ya subira, na subira ya wazazi mara nyingine ni woga uliovaa kanzu. "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Kibaba hakijai kikiwa kimezibwa mdomo. Mtoto asiyebwabwaja wala kugeukia sauti anapokaribia mwaka, asiyeonyesha kitu kwa mkono wala kupunga kwaheri baada ya mwaka, asiye na neno hata moja kwenye mwaka na nusu, asiyeunga maneno mawili kwenye miaka miwili, na yule aliyekuwa akisema kisha akaacha, huyo apelekwe kliniki mara moja, na masikio yapimwe kwanza kabla ya jambo lingine. Huyu wa jirani alipopimwa alikutwa na maji nyuma ya ngoma za masikio, yaliyoachwa na mafua ya mara kwa mara. Alikuwa akiisikia dunia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Kimya cha nyumbani na kizibo cha masikioni vilikuwa vimeshirikiana, na kama tungeshughulikia kimoja tu, tungemlaumu mama bure au tungemlaumu mtoto bure.

Mama alikuwa anaogopa kwenda, kwa sababu ya karatasi zake za ukimbizi. Hofu hiyo naijua, imo katika nyumba nyingi za hapa. Kwa hiyo niandike waziwazi: tangu 1994 watoto chini ya miaka sita wanatibiwa bure katika vituo vya umma Afrika Kusini, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo ni ya kila mtoto wa umri huo na ya kila mama mjamzito, bila kujali uraia wala karatasi. Kile kijitabu cha afya ya mtoto kinachotolewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji, kusema kukiwemo. Kiulizie. Usikubali kiishie kwenye uzito na chanjo.

Nikirudi kwenye "na", sisi tumeiweka mpaka mlangoni mwa hadithi. Msimuliaji akisema "Paukwa!" haendelei mpaka aitikiwe "Pakawa!" Mtega kitendawili hategi mpaka aambiwe "Tega!" Wazulu nao, msimuliaji akisema "Kwesukesukela", wasikilizaji humjibu "Cosi!" Msikilizaji ana kazi yake, na hadithi isiyoitikiwa hulala hapohapo. Anayetaka hadithi za kusoma atazipata bure, kwa Kiswahili na kwa Kizulu, kwenye mkusanyiko wa African Storybook ulioanzishwa na shirika la Saide la hapahapa Johannesburg mwaka 2014. Lakini ile ya mdomoni, yenye kuitikiwa, haihitaji hata mwanga.

Mwanga, kwa kweli, ndio uliokosekana mwaka ule. Mwaka 2023 mgao wa umeme Afrika Kusini ulikuwa mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia. Ilikuwa nadra siku kupita bila kukatika. Televisheni ya jirani ikawa inazimika kwa saa mbili, hata mara nne kwa siku, na katika giza lile nilikuwa nawasimulia hadithi za sungura, mama na mwanawe, mshumaa ukiwa kwenye kisosi. Mtoto alikuwa anaitikia "kawa", mkia wa neno tu.

Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka umeme ulikatika nikiwa kwao. Mama alikuwa mezani akihesabu sarafu za siku, randi kwa randi, ananong'ona hesabu isimpotee. Mtoto tulidhani amelala. Sauti ikatoka kitandani, gizani: "Pauka!" Mama aliendelea kuhesabu. Kukawa kimya kirefu. Mtoto hakulia, hakurudia, alikuwa anasubiri zamu ya mwenzake. Mama akainua uso kutoka kwenye zile sarafu, na hesabu ikampotea.

"Pakawa," alisema.