Harufu Isiyolemea

Wanafunzi wangu wa madrasa hapa Tanga hawaachi kuniuliza: aliyejipaka marashi yenye spiriti, sala yake inasihi? Sisi ni Mashafi, na wanazuoni wa madhehebu yetu wameshikilia kwamba kila kilevi cha majimaji ni najisi; kikikugusa, osha kabla ya kusali. Ndivyo ninavyofundisha. Ila sipendi somo liishie hapo, maana nimewahi kupanda basi la Istanbul kwenda Konya.

Basi likishatoka mjini, utingo hupita kati ya viti na chupa mkononi. Unakinga viganja, anakumiminia kolonya ya limau, ambayo kwa kawaida spiriti yake ni asilimia 80. Unasugua mikono, unapitisha usoni na shingoni. Ubaridi unaingia kama umenawa maji ya kisima, harufu ya limau inakupanda puani hadi usingizi unakatika. Punde si punde imeshakwenda. Waturuki humkaribisha hivyo mgeni nyumbani, humpa baada ya chakula, hata msibani. Nao wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Hanafi, ambayo wanazuoni wake wengi hutenga hukumu ya mvinyo wa zabibu na ile ya spiriti nyingine.

Asili ya kolonya ni Ujerumani, katika mji wa Köln. Aliyeyatengeneza, Johann Maria Farina, alikuwa Mwitaliano aliyehamia huko. Duka la familia yake lilianza mwaka 1709. Watu walizoea miski na manukato mazito. Yeye alichukua mafuta ya maganda ya malimau, machungwa na bergamoti, akayatia katika spiriti safi, kisha akayaita kwa jina la mji uliompokea. Mafuta ya maganda hayo huruka upesi mno, ndiyo sababu kolonya haikai mwilini. Watengenezaji huongeza maua ya mdanzi, lavenda au rosemari, nayo hukawia kidogo tu.

Wapo wanaoona huo ni upungufu. Wanataka udi wa kukaa kwenye kanzu siku tatu, na udi naupenda mimi pia. Lakini katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume anatuusia tusimrudishie mtu rihani aliyotupa, kwa sababu mbili: ni nyepesi kubeba, na inanukia vizuri. Huo wepesi ndio unaonishughulisha. Zawadi nzito humwachia mtu deni. Hulala akiwaza atalipa nini. Kolonya haimdai mtu kitu. Mtu asiyekujua kabisa ameona umechoka, amekuburudisha, amepita kwenda kiti cha pili.

Sasa Mshafi afanyeje? Akunje mikono? Baadhi ya masheikh wenzangu wanasema ndiyo, kwa kuwa haifai kujipaka najisi kwa makusudi. Hoja yao ina uzito, nami siibezi. Hata hivyo, mimi nimefuata wanazuoni wa zama hizi waliosamehe spiriti iliyomo katika dawa na manukato, na kumvunjia mwenyeji heshima mbele ya watu naliona jambo zito zaidi. Kinga viganja, shukuru. Ukiingiwa na shaka, sala ikifika osha pale palipogusa. Udhu wenyewe hauvunjiki kwa kuguswa na najisi.