Macho Mekundu na Pua Isiyosikia

Katika Kiswahili harufu husikiwa. Kitenzi tunachokitumia kwa sauti ya kengele na kwa baridi ya alfajiri ndicho tunachokitumia kwa moshi, ubani na samaki, na ndicho tunachomlaumia mtoto asiyetii: hasikii. Lugha imeiweka pua karibu na sikio, upande wa kupokea habari, na haikuishia hapo. Imetenga kunukia na kunuka kama inavyotenga heri na shari, hata jina la mtu aliyeharibu mambo husemwa linanuka. Kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe, ambako riziki ya watu wengi hupimwa kwanza kwa pua, tofauti hiyo si ya maneno matupu. Gunia la dagaa walionyeshewa mvua kabla hawajakauka hujulikana hata kabla halijafunguliwa. Basi mzee ambaye pua yake imeacha kusikia tumweke wapi katika maadili yaliyojengwa hivi? Akiuza kilichovunda, akila kiporo kilichochacha, nguo zake zikinuka asijue, kosa ni la nani?

Usukumani, kusini mwa ziwa hilo, swali hili si dogo, kwa sababu huko hukumu imewahi kusomwa kwenye mwili wa mzee. Kuanzia miaka ya 1970 wazee wengi, hasa wanawake, waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za uchawi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wasomi walioyachunguza mauaji hayo. Alama mojawapo iliyotajwa mno ilikuwa macho mekundu. Chanzo cha wekundu huo kilikuwa jikoni, mbele ya kila mtu. Mama aliyepika miaka 50 kwa kuni, na kuni zilipoadimika akapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake hayawezi kubaki meupe. Moshi huuchokoza utando wa jicho, mwili ukajihami kwa kupeleka damu nyingi mahali hapo, pakavimba, pakawasha, pakawa pekundu. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Ni ulinzi wa mwili, na jirani akausoma kama ushahidi juu ya roho. Kazi iliyowalisha watoto wa mji ikageuzwa hati ya mashtaka.

Moshi huohuo hupita puani. Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha utando chenye neva zinazopokea harufu. Linda Buck na Richard Axel, waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, ndio waliogundua vipokezi vyake, na binadamu ana aina 400 hivi. Neva hizi zina jambo la ajabu: tofauti na nyingi za ubongoni, hufa na kuzaliwa upya maisha yote, kutoka kwenye chembe mama zilizo chini yake. Utando ukivimba mfululizo kwa miaka, iwe kwa moshi, kwa mafua sugu au kwa sababu nyingine, chembe mama hizo huweza kuacha kuzaa neva mpya na kujiunga na kazi ya kuita ulinzi. Jicho lililovimba huonwa na kila mpita njia. Huko juu ya pua hakuna anayeona, na mara nyingi mwenyewe hajui. Katika mji wa Beaver Dam, Wisconsin, nchini Marekani, walipimwa watu wa umri wa miaka 53 hadi 97, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Karibu robo yao walikuwa na upungufu wa kunusa, na kwa waliotimiza miaka 80 walizidi 6 katika kila 10. Walipoulizwa wenyewe, waliosema wana tatizo hawakufika hata mmoja katika kila 10. Na hao hawakuzeekea kwenye mafiga. Hapa ndipo ninapoiona hatari ya kimaadili. Jicho lilisingiziwa kwa ishara yake. Pua haina ishara, ina matokeo tu: chumvi iliyozidi, mboga iliyoungua, samaki wa juzi aliyewekwa mezani. Matokeo hayo tumezoea kuyaita tabia. Bibi amekuwa mchafu, tunasema, babu hajali tena.

Mcha Mungu anaweza kujibu kwamba uzee ni mpango wa Muumba na kupungua kwa fahamu ni sehemu yake. Ana mtu wa kumtaja: Barzilai Mgileadi, ambaye akiwa na miaka 80 alimkatalia Mfalme Daudi mwaliko wa kwenda Yerusalemu, akieleza kuwa hawezi tena kuonja anachokula na kunywa. Lakini Barzilai alijijua, na mfalme akampokea kwa alichosema, akambusu na kumbariki. Hakuna aliyemwita mzembe. Isitoshe, si kila mzee hupoteza harufu, na si kila aliyepoteza huikosa moja kwa moja. Yako mazoezi ya kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, ambayo huwasaidia baadhi ya watu kurudishiwa sehemu ya walichopoteza. Kinachoweza kurudi hata nusu hakistahili kuitwa ajali ya Mungu na kuachwa hivyo. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1798 kwamba katika fahamu zote kunusa ndiko kusiko na shukrani na kunakoweza kukosekana bila hasara kubwa. Angewasikiliza wazee wa vitabu vyetu vitakatifu. Isaka, asiyeona tena, alipotiwa shaka na sauti, alisikia harufu ya mavazi ya Esau, akambariki Yakobo aliyeyavaa. Yakobo huyohuyo, ambaye Qurani inamwita Nabii Yakubu, alipozeeka na macho yake kuwa meupe kwa huzuni, alisikia harufu ya Yusufu kabla kanzu haijamfikia, na waliokuwa karibu naye wakamwona yumo katika kosa lake la zamani. Mmoja alidanganywa kwa pua, mwingine akakataliwa ukweli alioupata kwa pua. Katika visa vyote viwili kosa lilikuwa kwa wenye fahamu timamu.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni hili: tukimsamehe mzee kila kitu kwa sababu ya utando wa pua, tumemfanya mtoto, na mtoto hana neno barazani. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Ila lawama na wajibu si kitu kimoja. Muuzaji aliyeuza dagaa waliovunda bila kujua anapaswa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Hapaswi kuitwa mlaghai. Akishaambiwa kwamba pua yake haisikii, anapata wajibu mpya wa kuuliza, naye amebaki mtu mzima kamili. Kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wa kumwambia, na hapo ndipo tunaposhindwa, kwa sababu heshima yetu imefunzwa kunyamaza. Mkwe hatamwambia mama mkwe kuwa mchuzi umechacha. Ataacha kula, kisha atasimulia kwa majirani.

Jambo hili limekuwa la haraka. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034, na kwa mapafu na macho ya akina mama hiyo ni habari njema ambayo ilichelewa. Lakini gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Hutiwa makusudi kemikali yenye uvundo wa salfa ili inapovuja watu waisikie. Ulinzi wote wa nyumba umekabidhiwa fahamu ileile ambayo moshi wa jiko la zamani umeidhoofisha kwa miaka 50. Kabla mtungi haujaingia kwa bibi anayeishi peke yake Igoma au Buswelu jijini Mwanza, ijulikane ni nani atakayeisikia harufu hiyo kwa niaba yake, na yuko umbali gani na mlango.